Aliye Huru na Aliye Bora: Historia ya Kuamua Nani Apokee Simu

Tarehe 28 Januari 1878, katika mji wa New Haven jimboni Connecticut, Marekani, George Coy alifungua kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu. Wateja walikuwa 21. Kabla ya hapo simu zilikodishwa mbilimbili, moja ya nyumbani na nyingine ya dukani, na waya uliotoka kwenye ile moja ulikwenda kwenye mwenzake tu. Hapakuwa na haja ya mtu kuamua simu iende wapi. Coy aliunda swichibodi yake kwa bolti za magari ya farasi, vishikio vya vifuniko vya birika na waya uliotumika kutunisha sketi za wanawake wa siku zile. Ubao huo uliweza kubeba wateja 64, lakini si zaidi ya mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Orodha ya wateja, iliyochapwa tarehe 21 Februari mwaka uleule, ilikuwa karatasi moja yenye majina 50 ya watu na biashara, bila namba hata moja. Aliyemtaka daktari alimtaja daktari, na opereta aliyekaa mbele ya ubao alijua ni waya upi.

Tangu karatasi ile hadi programu za leo zinazochagua mhudumu wa kukupokea kabla hujasikia mlio wa kwanza, historia ya kazi hii imekuwa ya kujibu swali moja: simu hii impate nani? Kampuni zote hudai kwamba zinampa mpigaji mhudumu bora aliye huru wakati huo. Ninachoshikilia ni kwamba maneno hayo mawili, ubora na uhuru, yamevutana tangu mwanzo, na karibu kila mara uhuru ndio ulioshinda, kwa kuwa uhuru huhesabika kwa saa ya ukutani na ubora hauhesabiki hivyo. Kila chombo kilipochukua kazi ya kuchagua, kilibeba ile sehemu inayopimika na kuiacha ile nyingine njiani. Sehemu iliyoachwa ni ujuzi wa kufahamu mpigaji anataka nini na nani hasa ana uwezo wa kulimaliza jambo lake. Kupotea kwake hakukuwa sharti la ufundi, na ushahidi wa hilo umo ndani ya historia yenyewe.

Maopereta wa kwanza walikuwa vijana wa kiume waliotolewa kwenye ofisi za telegrafu. Walikuwa wepesi wa mikono lakini walitukana wateja na kufanyiana mizaha laini zikiwa wazi. Tarehe 1 Septemba 1878, huko Boston, Emma Nutt aliajiriwa kuwa mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, na dada yake Stella akamfuata saa chache baadaye. Sauti yake na uvumilivu wake viliwapendeza wateja kiasi kwamba kampuni zikabadilisha utaratibu mzima wa kuajiri, na kwa miaka mingi iliyofuata swichibodi ikawa kazi ya wanawake. Hapo kampuni zilikuwa bado zinatafuta ubora kwa maana ya kawaida kabisa: mtu anayejua kuzungumza na watu. Mwaka uliofuata, mjini Lowell katika jimbo hilohilo la Massachusetts, ugonjwa wa surua ulienea, na daktari Moses Greeley Parker akaona hatari ambayo wengine hawakuiona. Mji ulikuwa na maopereta wanne. Wakiugua wote kwa pamoja, watakaoshika nafasi zao hawatajua jina lipi ni la waya upi, na simu za mji mzima zitanyamaza. Akapendekeza kila mteja apewe namba. Kampuni iliogopa kwamba wateja wangeona ni dharau kuitwa kwa tarakimu, lakini pendekezo likapita na wateja wakazoea haraka.

Parker alikuwa na haki, na ni vigumu kumlaumu daktari aliyetaka mji uweze kumpata daktari. Lakini tazama kilichotokea. Ujuzi uliokuwa vichwani mwa maopereta wanne ulihamia kwenye karatasi, na uliohama ni ule tu ulioweza kuandikwa. Karatasi ilijua kwamba nyumba fulani ni namba fulani. Haikujua kwamba daktari wa nyumba hiyo saa hizi yuko kwa mgonjwa mtaa wa pili na apigiwe huko, jambo ambalo opereta wa mji mdogo alilijua na kulifanya bila kuombwa.

Miji ilipokua, ubao mmoja ukawa ukuta mrefu wa mbao wenye matundu maelfu, na wanawake wakakaa mbele yake bega kwa bega wakiwa na hedifoni vichwani. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Taa ndogo inawaka juu ya tundu la mteja. Opereta anachomeka plagi ya waya wa nyuma, anauliza namba, kisha anachukua plagi ya waya wa mbele na kuigusisha kidogo tu kwenye mdomo wa tundu la anayetafutwa. Akisikia mkwaruzo sikioni, laini hiyo ina mtu. Asiposikia kitu, anachomeka hadi mwisho na kubonyeza kengele. Wakikata simu, taa za nyaya zile mbili zinamjulisha, naye anachomoa. Tatizo lililowasumbua wahandisi lilikuwa mgawanyo: opereta aliyepewa laini za mawakala na mabenki alizidiwa kabla ya adhuhuri, huku mwenzake wa laini za majumbani amekaa bure. Walilitatua kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa fremu ya nyaya nyuma ya ubao, iliyowawezesha mafundi kuhamisha laini zenye shughuli nyingi kutoka kiti kimoja hadi kingine ili mzigo ulingane. Ya pili ilikuwa ya kibinadamu zaidi: maopereta walifundishwa kunyoosha mkono kwenye taa ya jirani anapolemewa. Kwa hiyo kusambaza simu kwa aliye huru kulianza muda mrefu kabla ya kompyuta, nako kulianzia kwenye jicho la mwanamke aliyeona mwenzake anazama.

Wenye kampuni hawakuridhika na jicho hilo, wakaleta saa. Huko Toronto, Kanada, kampuni ya Bell iliamua kuacha zamu za saa 5 na kurudisha zamu za saa 8, na malipo kwa kila saa yakashuka. Tarehe 31 Januari 1907 maopereta zaidi ya 400 waligoma. Serikali iliunda tume chini ya William Lyon Mackenzie King, aliyekuja baadaye kuwa waziri mkuu, pamoja na jaji John Winchester. Wanawake walieleza mbele ya tume jinsi walivyosukumwa kuongeza kasi, jinsi wasimamizi walivyosikiliza laini zao bila wao kujua, na jinsi umeme ulivyowapiga kupitia nyaya; madaktari wakaitwa kueleza kazi hiyo inavyochosha mishipa ya fahamu. Anayesoma malalamiko hayo leo akiwa amewahi kufanya kazi katika kituo cha huduma kwa wateja hatahitaji kufafanuliwa neno. Aprili 1919 maopereta wapatao 8,000 wa majimbo ya New England, wakiongozwa na Julia O'Connor, waligoma na kuzima simu katika majimbo matano. Wakashinda ndani ya wiki moja. Kazi iliyoelezwa na wakubwa kuwa ya mikono tu ilionekana uzito wake siku mikono hiyo ilipoondoka.

Hapa lazima nikutane na pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Opereta aliyejua kila mtu aliweza pia kumpendelea kila aliyemtaka. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City, na inasimuliwa kwamba alishuku simu za wafiwa zilizokusudiwa kumfikia yeye zilikuwa zikipelekwa kwa mshindani wake, ambaye jamaa yake alikaa kwenye swichibodi. Kisa hicho kinaweza kuwa kimeongezwa chumvi, lakini kilichofuata kimo kwenye kumbukumbu: tarehe 10 Machi 1891 Strowger alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu bila opereta, na tarehe 3 Novemba 1892 mtambo huo ukaanza kazi La Porte, Indiana. Mashine haina shemeji. Haisikilizi siri za watu, haichoki, haichagui sura. Anayesema kwamba usawa huu ni faida kubwa anasema kweli, na mimi siutamani ubao wa plagi urudi. Ila tuseme wazi mashine ya Strowger ilifanya nini: ilimfaa mpigaji ambaye tayari anajua anamtaka nani. Kwa yule anayejua shida yake tu, na hajui nani wa kuitatua, haikuwa na la kumwambia. Huyo wa pili ndiye anayepiga simu kwenye vituo vya huduma leo.

Wakati mitambo ikienea, mwalimu mmoja wa zamani alikuwa akiandika hesabu ambayo ingekuja kutawala kazi hii yote. Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa Denmark mwaka 1878, mwaka uleule wa New Haven, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu zinazoingia kwa kubahatika, bila mpigaji mmoja kujua mwenzake anafanya nini, hufuata kanuni ya uwezekano inayojulikana kwa jina la Poisson. Mwaka 1917 alitoa fomula za kukadiria ni simu ngapi zitakosa nafasi na ngapi zitasubiri, na kwa muda gani. Nguvu ya kazi yake huonekana ukiichukulia mfano. Tuseme kituo kinapokea simu 100 kwa saa, kila moja ya dakika 3. Huo ni mzigo wa kuwashughulisha watu 5 bila kupumzika. Ukiweka wahudumu 6, fomula ya kusubiri inakupa wastani wa takriban sekunde 106 kwa kila mpigaji. Ongeza mmoja tu, wawe 7, na kusubiri kunashuka hadi kama sekunde 29. Wakiwa 8, sekunde 10. Mtu mmoja anaweza kubadilisha hali ya foleni nzima, na kabla ya Erlang hakuna meneja aliyeweza kulithibitisha hilo mbele ya mhasibu.

Fomula hiyo ilikuwa zawadi, na bado ni zawadi. Lakini ilidhani jambo moja ambalo wengi walilisahau: kwamba wahudumu wote ni sawa na simu zote ni za namna moja. Kwa kuunganisha laini dhana hiyo haina ubaya, kwa sababu plagi ni plagi. Ilipohamishiwa kwenye simu za watu wenye shida mbalimbali, ikageuka kutoka urahisi wa mhesabuji na kuwa sera ya kampuni.

Gharama ya kuzichukulia simu zote kuwa sawa ilionekana London usiku wa tarehe 10 Novemba 1935. Nyumba moja ya mtaa wa Wimpole iliungua, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto alisubiri bila opereta kumjibu, akaandika barua kwa gazeti la The Times akieleza alivyosubiri. Uchunguzi ulionyesha kwamba maopereta hawakuzembea. Walielemewa, na mbele yao taa ya mtu anayeona moto ilifanana kabisa na taa ya mtu anayetaka kumsalimu shangazi. Tarehe 30 Juni 1937 London ikapata namba 999. Mpigaji aliyezungusha namba hiyo aliwasha taa nyekundu na king'ora kituoni, na opereta aliyekuwa karibu aliacha alichokuwa akikifanya. Ninauona mwaka huo kuwa muhimu kuliko mingi inayosifiwa katika historia ya simu. Kwa mara ya kwanza mtambo ulipewa habari ya uzito wa jambo, na ukapanga foleni kwa uzito huo. Hesabu za kitaaluma zilifuata nyuma: Alan Cobham alichapisha nadharia yake ya foleni zenye vipaumbele mwaka 1954, miaka 17 baada ya taa nyekundu. Wale wanaosema ubora hauwezi kuingizwa ndani ya mashine wamejibiwa na wahandisi wa posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu wakati huo, ambao waliuingiza kwa balbu na kengele, kwa kuwa umma ulilazimisha.

Biashara zilikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 kampuni ya AT&T ilianzisha namba za 800, ambazo gharama yake hulipwa na anayepigiwa, na simu za wateja zikamiminika kwenye mahoteli na mashirika ya ndege. Mwaka 1973 Rockwell ilitengeneza mtambo wake wa Galaxy kwa ajili ya shirika la ndege la Continental, mtambo wa kupokea simu nyingi kwa pamoja, kuzipanga foleni na kuzigawa zenyewe kwa wahudumu. Kanuni iliyozoeleka katika mitambo ya aina hii ilikuwa rahisi: simu iliyosubiri zaidi iende kwa mhudumu aliyekaa zaidi bila simu. Ni kanuni ya haki pande zote mbili, haki kwa mpigaji na haki kwa mfanyakazi, na ndiyo maana ilidumu. Pamoja na kugawa, mitambo hiyo ilirekodi. Msimamizi aliweza kujua kila mhudumu alizungumza sekunde ngapi, alichukua sekunde ngapi kuandika baada ya simu, na aliondoka kitini mara ngapi. Lengo la kujibu asilimia 80 ya simu ndani ya sekunde 20 likawa kama amri ya kuzaliwa nayo, ingawa hakuna kitu katika hesabu za Erlang kinachosema 80 wala 20. Hakuna safu ya ripoti iliyouliza kama mteja alipata alichokitafuta.

Miaka ya 1990 ilileta jaribio la dhati la kurudisha ubora. Kompyuta ya kituo ikaunganishwa na simu, namba ya mpigaji ikafungua jalada lake, na menyu ya sauti ikamwuliza anataka nini. Genesys, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1990, ni miongoni mwa kampuni zilizokua kwa kuuza programu za namna hii. Kila mhudumu aliandikiwa stadi zake: lugha, aina ya bidhaa, kiwango cha uzoefu. Simu ya mkopo ikaenda kwa anayejua mikopo. Ungetarajia kwamba mvutano umekwisha. Hapo ndipo hesabu ya Erlang iliporudi kudai chake. Chukua wahudumu 12 na simu 200 kwa saa za dakika 3 kila moja. Wakihudumia wote foleni moja, wastani wa kusubiri ni kama sekunde 40. Wagawe katika vikundi viwili vya watu 6, kila kikundi na simu 100 za stadi yake, na kusubiri kunarudi kwenye zile sekunde 106, kwa sababu mara nyingi kikundi kimoja kitakuwa kimelemewa huku kingine kina mtu amekaa bure. Hivi ndivyo foleni moja ya madirisha yote ya posta inavyokwenda haraka kuliko foleni tofauti kwa kila dirisha. Basi kampuni iliyotaka mtaalamu kwa kila simu ililipa kwa muda, na mameneja wengi, wakiona saa inapanda, walilegeza sharti: mtaalamu asipopatikana ndani ya sekunde kadhaa, simu iende kwa yeyote. Uhuru ukashinda tena.

Haikuwa lazima ushinde. Mwaka 1995 William Jordan na Stephen Graves, wakichunguza viwanda vya magari, walionyesha kwamba kiwanda hakihitaji kuweza kutengeneza kila aina ya gari ili kukabiliana na soko linaloyumba; aina mbili kwa kila kiwanda, zikiungana kama mnyororo, hutoa karibu faida yote. Mwaka 2005 Rodney Wallace na Ward Whitt walifikia jambo la aina hiyohiyo kwa vituo vya simu: kila mhudumu akiwa na stadi mbili tu, zikipangwa vizuri, kituo hufanya kazi karibu sawa na kile ambacho kila mhudumu anajua kila kitu. Ninalitaja hili kwa mkazo kwa kuwa linafuta kisingizio kikubwa. Ubora na kasi vinaweza kukaa pamoja kwa gharama ya kumfundisha kila mfanyakazi jambo moja zaidi. Kinachohitajika ni mafunzo, na mafunzo yanahitaji mfanyakazi anayebaki kazini muda wa kutosha kuyatumia, jambo ambalo vituo vinavyoendeshwa kwa sekunde hulifanya gumu.

Badala yake teknolojia ileile iliyoweza kutambua shida ya mpigaji ikatumiwa kutambua mfuko wake. Mwaka 2000 jarida la BusinessWeek lilieleza jinsi makampuni ya Marekani yalivyowapanga wateja kwa madaraja: mwenye akaunti nono alipokelewa upesi na mhudumu mwenye madaraka, mwenye akaunti nyembamba akaachiwa mashine na foleni. Baadaye kampuni kama Afiniti zikauza programu zinazomwoanisha mpigaji na mhudumu kwa kutabiri watakavyoelewana, huku matokeo yakipimwa kwa kuwasha na kuzima mfumo kwa zamu na kulinganisha mapato. Naheshimu uaminifu wa jaribio hilo. Ni wachache katika biashara hii wanaojipima hivyo. Lakini mizani yake ni mapato. Neno “bora” hapo lina maana ya bora kwa anayepigiwa. Taa nyekundu ya mwaka 1937 ilimtanguliza aliye na moto. Mfumo huu humtanguliza aliye na fedha, na ufundi wa ndani ni uleule.

Pingamizi la pili husemwa na watu wa kazi yenyewe: mpigaji anataka kujibiwa haraka, na kila uchunguzi wa wateja huonyesha kwamba kusubiri ndiko kunakoudhi. Sikatai. Lakini kasi ya kujibu na kasi ya kumaliza jambo ni vitu viwili, na kuvichanganya huharibu hata kasi yenyewe. Rudi kwenye kituo chetu cha simu 100 kwa saa. Meneja anawabana wahudumu wapunguze mazungumzo kutoka dakika 3 hadi 2 na nusu. Ripoti ya jioni inapendeza. Tuseme, kwa sababu ya haraka hiyo, robo ya simu zinaishia bila ufumbuzi na wenye simu hizo wanapiga tena. Simu 100 sasa zinakuwa kama 133, na zikizidishwa kwa dakika 2 na nusu mzigo ni watu 5.6 badala ya 5. Wahudumu wamekimbizwa, wateja wamerudia maelezo yao kwa mtu mwingine, na foleni imerefuka. Mfano huu ni wa karatasi, lakini kila aliyepigia kituo kimoja mara tatu kwa tatizo moja amekwishauishi.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina sura yake. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano na ng'ambo, na sauti iliyopanda kilomita karibu 36,000 na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, ilichelewa karibu nusu sekunde, na mazungumzo yakagongana. Kampuni ya KenCall ilianza Nairobi katika hali hiyo, ikihudumia wateja wa nje. Mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika mwaka 2009, kuchelewa huko kukapungua sana na kazi za namna hiyo zikawezekana zaidi. Huku ndani, M-Pesa iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007 iligeuza simu ya mkononi kuwa benki, na simu ya huduma kwa wateja ikawa mahali pa kulilia fedha zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi. Kwa mwenye shida hiyo mhudumu bora ni yule anayeweza kuzuia fedha hizo papo hapo kabla hazijatolewa kwa wakala, na kila dakika ya kumwelekeza apige namba nyingine inampunguzia matumaini. Hata kile kitufe cha kuchagua Kiswahili mwanzoni mwa menyu ni stadi ya kwanza kabisa ya kusambaza simu. Huko Marekani, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo huzungumza Kiswahili, mhudumu wa hospitali humpigia mkalimani kwa simu na kuwaunganisha watatu. Hapo hakuna anayebisha kwamba ni heri kusubiri dakika moja zaidi kwa anayejua lugha kuliko kumpata mara moja asiyeijua. Na namba 116, ambayo Kenya na Tanzania hutumia kwa simu za bure za watoto wenye shida, haiwezi kuendeshwa kwa sekunde hata kidogo: mtoto anaweza kunyamaza kwa muda mrefu kabla ya kusema, na mhudumu anayekata ukimya huo ili aonekane mwepesi ameshindwa kazi.

Limebaki pingamizi la mwisho, la ukubwa. Simu ni nyingi mno, watasema, na ndiyo maana mashine zinazozungumza sasa zinapokea kwanza. Tumewahi kupita hapa. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 mitambo ya kujiendesha ilienea katika miji ya Marekani na kuondoa sehemu kubwa ya kazi za maopereta. Wanauchumi James Feigenbaum na Daniel Gross walifuatilia kumbukumbu za sensa na kugundua kwamba wasichana wa kizazi kilichofuata walipata kazi nyingine, za ofisini na za mikahawani, lakini waliokuwa tayari maopereta mtambo ulipofika walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, miaka kumi baadaye, wa kutokuwa na kazi au kuwa na kazi ya malipo ya chini. Kwa hiyo wingi wa simu unaweza kubebwa na mashine, na gharama yake tunajua huwaangukia kina nani.

Lakini mashine ikichukua simu rahisi, zinazobaki kwa binadamu ni zile ngumu, za mpigaji ambaye tayari ameeleza shida yake mara moja bila kueleweka. Kwa simu hizo dhana ya kwamba wahudumu wote ni sawa haifai hata kwa makisio. Zinahitaji mtu mwenye stadi mbili zile za Wallace na Whitt, mwenye ruhusa ya kurudisha fedha au kubadilisha hati bila kumsubiri msimamizi, na asiyehukumiwa kwa urefu wa mazungumzo. Zinahitaji pia kipimo kingine juu ya meza ya meneja: kati ya namba zilizopiga leo, ngapi zitapiga tena ndani ya siku saba kwa jambo lilelile. Habari hiyo haihitaji mtambo mpya. Imo ndani ya kompyuta zilezile zinazohesabu sekunde, imehifadhiwa kwa kila namba, kila saa na kila mhudumu aliyepokea.